Unaenda Ughaibuni? Amua Kwanza Pikipiki Italala au Itafanya Kazi

Mkataba wa kazi Ghuba kwa kawaida ni wa miaka miwili. Vijana wa Kaptembwo, Njoro, Molo na Naivasha wanaokwenda Qatar, Saudia au Dubai wanalijua hilo kabla hata hawajapimwa afya, na wengi huwa wamepanga mengi: nani atalipa karo ya mtoto, nani atapokea pesa kwa simu, nani atakuwa anampeleka mama kliniki. Pikipiki ndiyo husahaulika. Usiku wa kuondoka mtu humwambia mdogo wake, "Hiyo boda uniangalilie," anamrushia ufunguo, kisha anapanda matatu ya Nairobi kuelekea uwanja wa ndege. Miaka miwili baadaye anakuta chuma kilichoota kutu nyuma ya jiko la nyumbani, au hakuti kitu, au anakuta barua ya wakili inayomdai fidia ya ajali ambayo hakuijua.

Makala haya ni yake. Ni ya yule pia anayeishi ng'ambo lakini ana pikipiki yake Lanet au Subukia, anayeitumia majuma machache kila Desemba. Ninachosisitiza ni kimoja: kabla hujafunga sanduku, amua kama pikipiki italala au itafanya kazi. Ikilala, ilale kabisa. Ikifanya kazi, ifanye kazi kwa mkataba, kwa bima na kwa mtu mmoja anayejulikana. Pikipiki nyingi zinazoharibika mwenyewe akiwa mbali ni zile za katikati: leo imeegeshwa, kesho binamu ameiomba apeleke maziwa kwenye kituo, wiki ijayo imelala nje kwa sababu petroli iliisha Mau Summit, na hakuna mtu hata mmoja anayeweza kusema, "Mimi ndiye ninayeulizwa juu ya hii."

Kuna njia ya tatu, nayo ni kuuza. Usiionee haya. Ikiwa moyoni unajua mkataba mmoja utazaa wa pili, au pikipiki yenyewe imeshachoka, pesa zake zitakufaa zaidi kuliko chuma kinachozeeka bila kukuingizia kitu. Lakini uza mpaka mwisho. Sheria ya Trafiki ya Kenya inasema mtu ambaye jina lake liko kwenye usajili ndiye anayehesabiwa kuwa mwenye chombo mpaka ithibitishwe vinginevyo, na chombo kilichouzwa hakipaswi kuwa barabarani zaidi ya siku 14 kabla mwenye mpya hajasajiliwa. Kwa hiyo karatasi ya mauziano iliyoandikwa hotelini juu ya kikombe cha chai haitoshi. Ingia kwenye akaunti yako ya NTSA kupitia eCitizen, anzisha uhamisho, mnunuzi akubali kwa akaunti yake, ada ilipwe, na wewe uone kwa macho yako kwamba pikipiki haiko tena kwa jina lako. Fanya hivyo mwezi mmoja kabla ya safari. Mnunuzi anayekwambia "tutamalizana ukiwa huko" anakuacha ukiwa mwenye pikipiki usiyoiona, inayoendeshwa na mtu usiyeweza kumfikia.

Kama umeamua ifanye kazi, tusemezane wazi. Kumpa mtu boda akuletee pesa ya siku ni biashara nzuri, na imesomesha watoto wengi. Ila ukiwa Doha huwezi kusimama steji ya Free Area saa kumi na mbili jioni kuangalia tairi la nyuma. Dereva atakupigia simu kwamba cheni imekatika, na utamwamini kwa kuwa huna jinsi. Zaidi ya hapo, pikipiki yako ikimgonga mtu Salgaa au ikitumiwa kwenye wizi, polisi watafuata namba ya usajili mpaka kwenye jina lako, na aliyeumia akienda mahakamani atamshtaki dereva pamoja na mwenye pikipiki. Kuwa nje ya nchi hakukuondolei dhima hiyo.

Tafuta dereva kupitia steji yenyewe. Mwenyekiti wa steji anajua nani analewa, nani anakopa kwa kila mtu, nani anaosha pikipiki kila asubuhi hata kama si yake. Chukua nakala ya kitambulisho chake na ya leseni ya daraja la A inayomruhusu kubeba abiria wa kulipa. Bima ndipo mahali watu hubania senti: bima iliyokatwa kwa matumizi ya kibinafsi haifai kwa boda inayobeba abiria wa kulipa, na bima ya mtu wa tatu haikulipi chochote pikipiki ikiibwa. Kata ile inayolingana na kazi, na pesa za kuihuisha zikatwe kwenye mapato na kuwekwa kando na mtu mwingine asiyekuwa dereva. Nyumbani uwe na mtu wa kuitazama pikipiki hiyo angalau mara moja kwa mwezi, aandike kilomita zinazosomeka kwenye mita ya pikipiki, akutumie picha. Oili haibadilishwi kwa ahadi za simu. Kilomita zikionekana, utajua kama imebadilishwa kwa wakati.

Sasa tuje kwenye kulala, ambako ndiko watu wengi huharibu kwa nia njema.

Hali ya hewa yetu ya Bonde la Ufa huonekana ya upole, lakini kwa chuma kilichosimama ni ngumu. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Molo inapita mita 2,400. Mchana jua linachoma, usiku baridi inashuka kwa ghafla. Tangi lenye petroli nusu hujaa hewa kwenye ile nusu nyingine, na hewa hiyo ikipoa usiku, unyevu uliomo hugeuka matone kwenye ukuta wa ndani wa tangi. Matone hayo huanza kutu usiyoiona. Mvua za Machi hadi Mei zikipita, huku kwetu huja nyingine za Julai na Agosti, kwa hiyo chumba kilichokauka Februari hakitakuwa kikavu mwaka mzima. Ukiwa upande wa Gilgil na Elementaita, ongeza vumbi la magadi litokalo ziwani: likikaa juu ya chuma na kupata unyevu, hula rangi na nikeli polepole.

Ndiyo maana mahali pa kuweka pikipiki ni muhimu kuliko kufuli. Watu wengi mjini huiingiza sebuleni usiku, ukutani kando ya kochi. Kwa usiku mmoja sawa, ila kwa miaka miwili hapana: tangi lina petroli, mvuke wake ni mzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni, na katika chumba kimoja cha ploti pana jiko la gesi au la makaa hatua tatu tu kutoka hapo. Mashambani watu huiweka ghalani, na ghala la Njoro au Rongai mara nyingi lina magunia ya mahindi. Mahindi huvuta panya, na panya wakishiba mahindi hunoa meno kwenye nyaya zilizo chini ya kiti. Nimeona waya mkuu wa pikipiki umegugunwa hadi shaba ikang'aa kwa urefu wa kiganja, huku magunia yaliyo kando hayajatoboka sana. Baya zaidi kuliko mahindi ni mbolea. Mbolea ya CAN hunyonya unyevu wa hewa, na chumvi zake hula chuma. Pikipiki iliyolala kando ya magunia ya mbolea tangu msimu wa kupanda hadi mavuno hutoka na spoku zilizogeuka kahawia. Banda la kuku nalo lina hewa ya amonia. Liepuke.

Tafuta chumba chenye sakafu ya saruji, dirisha dogo la kupitisha hewa, na dari. Nasema dari kwa sababu mabati matupu ya Molo, Elburgon na Nyahururu hudondosha maji asubuhi hata kama mvua haikunyesha. Kama hakuna dari, tundika turubai chini ya mabati, juu ya pikipiki bila kuigusa. Juu ya pikipiki yenyewe tandika shuka kuukuu la pamba. Usiifunge kwa nailoni kama mzigo wa sokoni, maana jasho litabaki ndani. Isimame kwenye stendi kubwa juu ya ubao wa mti, sipresi au hata mbao za zamani za ujenzi, ili tairi la nyuma liwe hewani na la mbele lisibonyee mahali pamoja. Weka upepo wa kutosha kwenye matairi yote mawili kabla ya kuondoka.

Angalia pia historia ya mahali. Maji ya Ziwa Nakuru yamekuwa yakipanda kwa miaka kadhaa, na mwaka 2020 yaliwafukuza watu kwenye nyumba zao upande wa Mwariki na Barut. Mwaka huohuo Ziwa Naivasha liliingia Kihoto. Kama rafiki yako anayejitolea kukuwekea anaishi sehemu kama hizo, mshukuru na uende kwa mwingine. Kwenye bonde la mto linalofurika wakati wa mvua, vivyo hivyo.

Mahali pakishapatikana, ipeleke kwa fundi unayemwamini, au uitayarishe mwenyewe kwa siku moja. Ioshe kwanza, uikaushe juani, maana matope ya barabara ya Mau hushika maji. Kisha badilisha oili. Watu husema, "Si nitabadilisha nikirudi?" Oili iliyotumika ina tindikali na unyevu uliotokana na petroli iliyoungua, na hiyo ndiyo itakaa ikigusa beringi na gia kwa miaka miwili. Weka mpya, iendeshe dakika chache izunguke, ndipo uizime.

Halafu petroli. Ikiwa unasafiri miezi miwili au mitatu, jaza tangi hadi juu ili hewa yenye unyevu isipate nafasi, lakini iwekwe chumba kisicho na moto wa aina yoyote. Ikiwa ni miaka miwili, mwaga yote. Fungua koki, toa petroli ya tangini, acha tangi likauke, kisha mimina oili kidogo ndani na uligeuze huku na huku ipake kuta zote. Kabureta ndiyo inayosahaulika. Fungua skrubu ndogo iliyo chini ya kikombe chake, petroli itoke yote mpaka tone la mwisho. Pikipiki nyingi zinazopita barabara zetu, Boxer na TVS na wenzao, bado zinatumia kabureta, na kikombe hicho kidogo ndicho huamua kama utawasha siku ya kurudi.

Fundi mmoja wa Njoro aliwahi kufungua kikombe cha kabureta ya kijana aliyetoka Jeddah. Ndani mlikuwa na kitu cha rangi ya chai ya rangi, kimeganda kama gundi, kinanuka vanishi iliyochacha. Akachukua waya mwembamba wa kebo ya breki, akaupitisha kwenye tundu la jeti, ukagoma.

"Fundi, lakini niliiacha ikiwa nzima," kijana akasema.

"Ilikuwa nzima, mkubwa. Petroli ndiyo ilikufa ndani."

Kabureta mpya, plagi, siku nzima ya kazi. Kuifungua skrubu ile kabla ya safari kungechukua dakika mbili.

Toa plagi, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili safi kwenye tundu lake, piga kiki mara chache polepole swichi ikiwa imezimwa, urudishe plagi. Hiyo hupaka silinda na pistoni ili zisishikane kwa kutu. Ziba mdomo wa bomba la moshi kwa mfuko wa nailoni na mpira, na uzibe njia ya hewa ya chujio, kwa sababu nyigu hupenda sana kujenga nyumba ya matope humo na panya hupenda kulala humo. Acha karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye usukani: TOA NAILONI KABLA YA KUWASHA. Paka cheni oili nzito, paka grisi kwenye kebo na kwenye viungo vya stendi, pangusa sehemu za chuma kinachong'aa kwa kitambaa chenye oili.

Betri iondolewe kabisa. Anza kufungua waya wa hasi, kisha wa chanya. Siku ya kurudisha, chanya kwanza. Betri ya risasi ya volti 12 iliyojaa husoma kama 12.6 au zaidi kidogo, na ikiachwa ishuke chini ya 12.4 kwa miezi, salfeti hugandia kwenye mabamba yake na haitoki tena. Kwa safari ya miezi michache, mpe mtu mwenye chaja aichaji kila mwezi. Kwa miaka miwili, maoni yangu ni umpe mtu anayeihitaji au uiuze, ukirudi ununue mpya. Betri iliyokaa bila kuchajiwa miaka miwili haina kazi, na kumsumbua mama aibebe mjini kila mwezi si haki.

Na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu ushauri wa kinyume umeenea kila mahali. Usimwambie mtu "uwe unaipiga moto kila Jumapili dakika mbili". Injini inayowaka dakika mbili haipati joto la kutosha kukausha maji yanayotokana na kuungua kwa petroli. Maji hayo hubaki kwenye oili na kwenye bomba la moshi, na bomba huoza kutoka ndani. Betri nayo hutumia nguvu nyingi kuwasha kuliko inayorudishiwa. Ama pikipiki iendeshwe kweli, nusu saa barabarani mara moja kwa mwezi, ikiwa na bima na mwendeshaji mwenye leseni, ama isiguswe.

Nikishasema hayo yote, bado kutu si adui mkubwa. Adui mkubwa ni kuombwa. Pikipiki inayolala kwenye boma la watu ina mwito wake: mjomba ana mgonjwa wa kupeleka hospitali, jirani anataka kufikisha viazi barabarani, ndugu yako amesikia kuna kazi Nyahururu. Yule uliyemwachia atakataaje? Akikataa anaitwa mchoyo kwa mali isiyo yake. Kwa hiyo mpe sababu ya kukataa kabla hajaombwa. Iambie familia yote mkiwa pamoja, baba na mama wakiwapo, kwamba pikipiki inalala na haitawashwa mpaka urudi, na kwamba si uamuzi wa anayeitunza. Kisha ifanye isiweze kuwaka: betri imetoka, plagi imetoka, na kama fundi yuko tayari, kabureta nayo itoke, vifungwe kwenye sanduku dogo. Tundu la plagi lizibwe kwa plagi ya zamani. Mjomba akifika usiku na mgonjwa, jibu ni rahisi na halimvunjii mtu heshima: haiwaki, tuite boda ya steji, na mimi nitachangia nauli.

Mtunzaji awe mmoja. Si "mama na Kamau na yule kijana wa dukani". Mtu mmoja, mwenye simu inayopatikana, asiye na shida ya pesa ya kila siku na ikiwezekana asiyejua kuendesha pikipiki. Shangazi aliyestaafu mwenye stoo kavu Bahati ni bora kuliko rafiki wa karibu anayependa mwendo. Mlipe kidogo kila mwezi, hata kama anakataa. Mtu anayelipwa hujiona ana wajibu, na wewe unapata haki ya kuuliza bila kuonekana unamshuku.

Mwandikie barua. Iwe na majina yenu na namba za vitambulisho, namba ya usajili wa pikipiki, namba ya chesisi na ya injini, kilomita zilizosomeka siku hiyo, hali yake, na ruhusa ulizompa: kuihamisha penye hatari ya mafuriko au moto, kuripoti polisi ikiibwa, basi. Iandikwe kwamba kuazima, kukodisha na kuuza hakuruhusiwi. Mzee wa Nyumba Kumi au msaidizi wa chifu anaweza kushuhudia. Barua hiyo ina faida ambayo wengi hawaifikirii: kama mtunzaji ni mpangaji na akadaiwa kodi, dalali anayekuja kukamata vitu atakuta pikipiki humo ndani, na bila maandishi ni vigumu kumshawishi kwamba si ya mpangaji. Ikiwa unataka mtu aweze kuiuza kwa niaba yako, hilo halimo kwenye barua ya kawaida. Nenda kwa wakili akutayarishie hati ya uwakili inayotaja pikipiki hiyo peke yake.

Logibuku isikae nyumba moja na pikipiki. Mwizi anayepata vyote viwili, au ndugu mwenye tamaa, amepata kila kinachohitajika kumdanganya mnunuzi. Iweke kwa mtu mwingine, benki au kwa wakili, na upige picha zake uzitume kwenye barua pepe yako pamoja na picha ya namba iliyogongwa kwenye shingo ya fremu. Ufunguo mmoja akae nao mtunzaji, wa pili uwe kwa mwenye logibuku. Ukisafiri na zote mbili, maji yakija hakuna atakayefungua usukani.

Nywila ya eCitizen usimpe mtu yeyote, hata mke au kaka, ikiwa sababu ni "ili akusaidie mambo ya pikipiki". Aliye na nywila na laini yako ya simu anaweza kuhamisha umiliki. Na laini yenyewe itunze: jumbe nyingi za kuthibitisha huja kwenye namba yako ya Kenya, na laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na baadaye kupewa mtu mwingine. Iwekee salio, iwashe kila mara huko uliko, utume hata ujumbe mmoja.

Pikipiki iliyonunuliwa kwa mkopo ina masharti yake. Mpaka deni liishe, mkopeshaji ana haki juu ya chombo hicho, na mara nyingi jina lake limo kwenye logibuku na kifaa cha kufuatilia kimefungwa ndani. Kifaa hicho hunywa betri ya pikipiki. Ukitoa betri au ikifa yenyewe, mkopeshaji ataona pikipiki imepotea kwenye ramani yake, na anaweza kutuma watu waje kuichukua wakidhani umeitorosha. Kwa hiyo nenda ofisini kwao kabla ya safari, waeleze mahali itakapolala, upate jibu kwa maandishi, na upange malipo ya kila mwezi kutoka huko uliko. Kama kilichobaki ni kidogo, kimalize kwanza ndipo uondoke, hata kama safari itachelewa mshahara mmoja.

Kwa wenye pikipiki za umeme, ambazo sasa zinaonekana barabarani, mambo ni mafupi. Betri ya kubadilishana ni mali ya kampuni, irudishe na upate risiti. Kama betri ni yako, iache ikiwa na chaji nusu hivi, mahali pa baridi na pakavu, si imejaa wala si tupu, na iangaliwe kila baada ya miezi mitatu.

Kuhusu bima wakati inalala: bima ya mtu wa tatu ni lazima kwa chombo kinachotumika barabarani, kwa hiyo pikipiki iliyofungwa stoo haivunji sheria bima hiyo ikiisha. Lakini bila bima ya wizi na moto hasara yote ni yako, basi ukiweza ulizia bei ya bima hiyo na uilinganishe na thamani ya pikipiki. Ikiibwa, mtunzaji aripoti siku hiyohiyo kituo cha polisi kilicho karibu, achukue namba ya OB, akutumie picha yake, na wewe uiarifu kampuni ya bima kwa maandishi bila kungoja.

Ukirudi, usiwe na haraka ya kuonekana steji. Toa nailoni kwenye bomba na kwenye chujio. Fuata nyaya zote kwa vidole, uone kama panya walipita. Toa plagi, piga kiki polepole mara kadhaa uhisi kama silinda iko huru. Mwaga oili ile uliyoiweka, hata kama haikutembea, uweke mpya. Suuza tangi kwa petroli kidogo, uimwage, kisha weka mpya lita mbili tu za kuanzia. Kama breki ya mbele ni ya diski, mafuta yake yamenyonya unyevu, yabadilishwe. Kagua matairi pembeni: mpira ukipasuka nyufa ndogondogo unapoukunja, tairi limekwisha, hata kama meno yake bado ni marefu. Kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu nne zinazoonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa, zisome.

Kisha angalia leseni yako, maana huenda nayo imeisha ukiwa ng'ambo, na ukate bima kabla gurudumu la mbele halijagusa lami.